Mifumo ya 4WD, kuanzia mkonga hadi RAV4: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maandishi ya 4WD yamebandikwa nyuma ya magari yasiyo na undugu wowote. Yapo kwenye Land Cruiser inayopakia watu na magunia kwenda Loliondo, na yapo kwenye IST inayoishia Kariakoo. Maswali haya hurudi kila masika yakikaribia, na kila mtu anapotaka kuagiza gari Japani. Majibu yana upendeleo wangu ndani yake, na sitauficha.

4WD, 4x4, AWD: ni majina tu au kuna tofauti?

Kwenye matangazo ni majina tu. Kwa mazoea ya watu wa magari, 4WD au 4x4 ni gari lenye transifa (boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma) na gia ya chini, ile 4L au L4, na AWD ni gari linalovuta mbele na nyuma bila kuwa na 4L. Ila mazoea hayo hayamfungi mtu. Wajapani huandika 4WD hata kwenye Probox.

Kwa hiyo achana na maandishi, uliza mambo matatu. Nguvu inafika kwenye magurudumu yote lini: muda wote, ukiiweka wewe, au kompyuta ikiona haja? Kuna 4L au hakuna? Na tairi moja likikosa pa kukanyaga, kuna kitu cha kulizuia lisile nguvu yote? Ukiwa na majibu ya hayo matatu unalijua gari kuliko muuzaji anavyolijua.

Basi kuna mifumo mingapi?

Mikubwa ni mitatu, pamoja na machotara.

Wa kwanza ni ule wa kuweka mwenyewe. Land Cruiser mkonga (ile ya mfululizo wa 70), Hilux, Nissan Patrol za zamani, Suzuki Jimny na Escudo za kabla ya 2005 ziko humu. Siku za kawaida gari linavuta nyuma tu. Ukiweka H4 (4WD ya mwendo wa kawaida; H2 ni kuvuta nyuma tu), transifa inafunga propela, zile shafti ndefu za kupeleka nguvu, ya mbele na ya nyuma zizunguke kwa mwendo mmoja. Hakuna difu (gia za kuruhusu pande mbili kupishana mwendo) katikati. Ni mfumo wa kizamani, wa chuma kitupu, na ndiyo maana fundi wa Namanga au wa Goma anaufungua na kuufunga bila kompyuta.

Wa pili unavuta muda wote. Kuna difu ya tatu katikati, ndani ya transifa, inayoruhusu mbele na nyuma kupishana mwendo kwenye kona. Prado, Land Cruiser 100 na 200, nyingi za 80, Land Rover Defender, na Escudo ya kuanzia 2005 ziko hapa. Nyingi zina kitufe au gia ya kuifunga difu hiyo ya kati njia ikiharibika.

Wa tatu ni wa kuitikia. Gari ni la kuvuta mbele, na nyuma kuna klachi ndogo iliyokaa kabla ya difu. Matairi ya mbele yakianza kuteleza, klachi inabana na nyuma inasaidia. RAV4 ya kuanzia mwishoni mwa 2005, X-Trail na CR-V ni za namna hii. Hakuna 4L.

Machotara ndiyo kama Mitsubishi Pajero. Tangu 1991 ina mfumo wa Super Select: 2H inavuta nyuma, 4H inavuta kote huku difu ya kati ikiwa huru hivyo hata kwenye lami unaitumia, 4HLc imeifunga difu ya kati, na 4LLc ni hiyohiyo kwa gia ya chini. Kwa maoni yangu ni moja ya mifumo iliyofikiriwa vizuri zaidi kuwahi kuuzwa kwa watu wa kawaida, na bei ya Pajero iliyotumika haisemi hivyo kabisa.

Kwa nini naambiwa nisiweke mkonga kwenye H4 nikiwa kwenye lami?

Gari likikata kona, matairi ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Mfumo wa kuweka mwenyewe hauna difu ya kati, kwa hiyo propela ya mbele inataka kuzunguka zaidi na transifa inaikatalia. Kwenye matope au kokoto tairi linateleza kidogo na ugomvi unaisha. Kwenye lami kavu tairi limeshika, basi mkazo unabaki ndani ya vyuma.

Dalili zake utazijua mara moja: usukani unakuwa mzito, tairi linalia kwenye kona, gari linashtukashtuka, na ukitaka kurudisha H2 gia inagoma kutoka. Rudi nyuma mita chache ukiwa umenyoosha usukani, mkazo utaachia. Usiivute gia kwa hasira. Ukiendesha hivyo kwa mazoea utaua jointi za mbele au transifa yenyewe, na transifa si kitu cha kununua mwisho wa mwezi.

Je, lami ikiwa imelowa? Bado H2. Punguza mwendo.

Zile kofia za kuzungusha kwenye matairi ya mbele ni za nini?

Ni friwili. Zikiwa FREE, tairi la mbele linazunguka peke yake na shafti zake za ndani zimetulia. Zikiwa LOCK, tairi na shafti vimeungana. Ukiweka H4 huku friwili ziko FREE, propela ya mbele itazunguka lakini matairi ya mbele hayatapata kitu, nawe utabaki ukijiuliza kwa nini mkonga mzima umekwama kama kibajaji. Zungusha zote mbili, kulia na kushoto, kabla hujaingia kwenye tope. Ukisubiri ukwame kwanza, utazizungusha ukiwa umepiga magoti kwenye tope hilohilo.

Na hata kama huna safari ya porini, vitabu vya Toyota hushauri uendeshe na 4WD walau kilomita 16 hivi kila mwezi ili oili ifike kwenye vyuma vya mbele. Tafuta barabara ya vumbi ufanyie hapo.

Gari langu ni 4WD kweli, lakini limekwama huku matairi mawili tu yanazunguka. Limeharibika?

Halijaharibika. Hili ndilo swali linalowaumiza watu kuliko yote, ngoja nilieleze taratibu.

Difu ya kawaida ina tabia moja: haiwezi kulipatia tairi la kulia nguvu zaidi ya ile inayopokelewa na la kushoto. Tairi moja likiwa hewani au kwenye ute wa tope, halihitaji nguvu yoyote kuzunguka, basi na mwenzake aliyekanyaga pakavu anapata kiasi hichohicho cha hovyo. Kwenye mkonga usio na loki za difu, H4 imefunga mbele na nyuma pamoja, lakini kulia na kushoto bado ni huru. Ukivuka korongo kwa mshazari, tairi la mbele kulia likaning'inia na la nyuma kushoto likaning'inia, hayo mawili yatazunguka na mawili yaliyokanyaga ardhi yatakutazama tu. Gari linalovuta muda wote, difu ya kati ikiwa huru na hakuna msaada mwingine, lina hali mbaya zaidi: tairi moja tu likikosa ardhi, gari zima linasimama. Ndiyo maana Defender bila kufunga difu ya kati hukwama mahali ambapo hungetarajia.

Tiba ziko za aina tatu. Ya kwanza ni loki ya difu, ya nyuma au mbele na nyuma. Kwenye Land Cruiser zenye loki utaona kitufe cha kuzungusha kilichoandikwa RR na FR. Ifunge kabla ya kufika kwenye shimo, gari likiwa polepole, nenda moja kwa moja, kisha ifungue kabla ya kukata kona. Ya mbele ikifungwa usukani unakuwa mgumu sana, hivyo huwa ya mwisho kutumika.

Ya pili ni difu ya LSD, ambayo ina visahani ndani vinavyokataa tairi moja kukimbia sana. Inasaidia kwenye utelezi. Tairi likining'inia kabisa, hasa visahani vikiwa vimezeeka, haisaidii kitu.

Ya tatu ni kompyuta ya ABS, ile inayosimamia breki za kila tairi. Inaona tairi linalozunguka bure, inalibana kwa breki, na nguvu inavuka kwenda upande wa pili. Prado 120 na kuendelea nyingi zinayo, Jimny ya 2018 inayo pia. Hapa dereva ndiye huwa tatizo. Utasikia krrr krrr krrr chini ya miguu, gari linatikisika, na mtu anaogopa anaachia mafuta. Usiachie. Shika mafuta palepale, kidogo na bila kupandisha, uipe kompyuta sekunde mbili tatu ifanye kazi yake. Gari litapanda lenyewe.

Kwa gari lisilo na lolote kati ya hayo kuna mbinu ya zamani: mguu wa kushoto gusa breki kidogo huku wa kulia ukiwa kwenye mafuta. Tairi linaloning'inia linapata kizuizi, lililokanyaga linapata chochote. Haitakutoa kila mara.

Prado au mkonga?

Unakwenda wapi, na nani atakutengenezea gari?

Prado 120, iliyotoka 2002, inavuta muda wote kupitia difu ya kati ya Torsen. Kwa kawaida inapeleka asilimia 40 mbele na 60 nyuma, na Torsen ni ya gia tupu, inahamisha nguvu papo hapo bila kusubiri mtu ateleze. Kwa safari ya lami ndefu, halafu kilomita thelathini za vumbi, halafu mvua inanyesha ghafla mlimani, hakuna kitu cha kubonyeza. Gari limekwisha kujipanga. Hilo ndilo jambo ambalo mkonga hauna: kwenye barabara ya nusu lami nusu tope, dereva wa mkonga anahamisha gia kila dakika au anaamua kuvumilia.

Mkonga, ule wa mfululizo wa 70 ulioanza 1984, una ekseli ngumu mbele na nyuma na injini ya dizeli ya 1HZ isiyo na vifaa vya umeme vya kuleta maringo. Mzigo wa tani moja kwenye mashimo ya Ikungi au ya Lodwar haumtishi. Ila kwenye lami unayumba, unapiga kelele, na abiria wa nyuma wanafika wamechoka kuliko dereva.

Familia yenye safari za Moshi Desemba ikinunua mkonga kwa sababu ni gari la kazi, inalipia adha. Shirika linalopeleka dawa vijijini likinunua Prado kwa sababu ya viti vizuri, litajuta mwaka wa tatu.

RAV4, X-Trail, CR-V: zinatoboa?

Zinatoboa njia mbaya. Hazitoboi mahali pasipo na njia.

Kuna tofauti kati yao inayostahili kujulikana. CR-V za mwanzo, kuanzia 1995, zinatumia pampu mbili za mafuta, moja inazungushwa na mbele na nyingine na nyuma. Mwendo ukilingana, mafuta yanazunguka kimya. Mbele ikiteleza, pampu zinapishana, presha inapanda na kubana klachi ya nyuma. Ni ubunifu mzuri, lakini lazima mbele iteleze kwanza, na kwenye mchanga tairi likiteleza kwanza limekwisha kuchimba. Difu yake ya nyuma hutumia oili maalumu ya Honda. Ukisikia mngurumo nyuma unapokata kona kali ya maegesho, mara nyingi ni oili hiyo imechoka au fundi ameweka ya difu ya kawaida.

RAV4 ya kuanzia mwishoni mwa 2005 ina klachi ya umeme inayoamriwa na kompyuta, na kitufe cha LOCK kinachoibana moja kwa moja. Kitaachia chenyewe ukifika kilomita 40 kwa saa. X-Trail ina 2WD, AUTO na LOCK kwa mtindo unaofanana. Kwenye tope bonyeza LOCK kabla ya kuingia, na usiibonyeze tena kwa hofu ukiwa katikati.

Udhaifu wao wote ni joto. Klachi ile ni ndogo. Ukikomaa kwenye mchanga mrefu itapata moto, kompyuta itaizima ijilinde, na ghafla una gari la kuvuta mbele katikati ya kichanga. Ukiona taa ya 4WD inawakawaka, simama, acha ipoe, usiendelee kukanyaga.

RAV4 ya 2000 hadi 2005 ni kitu kingine: ile ya 4WD inavuta muda wote na ina difu ya kati. Kwa barabara za milimani zenye utelezi, naipenda kuliko iliyofuata.

Subaru je? Wakenya wanaisifu sana.

Na wana haki, kwa barabara zao. Subaru inavuta muda wote, injini imelala chini, gari limetulia kwenye kona za murram kuliko chochote cha bei yake. Lakini "AWD ya Subaru" si kitu kimoja. Forester na Legacy za gia ya mkono zina difu ya kati inayogawa nusu kwa nusu, ikisaidiwa na chombo chenye mafuta mazito yanayoganda mbele na nyuma zikipishana sana. Nyingi za otomatiki za miaka hiyo zina klachi ya visahani inayoamriwa na kompyuta, nguvu nyingi ikienda mbele. Baadhi ya zile za tabo zina mfumo wa tatu tena.

Kinachoikwamisha Subaru si mfumo, ni tumbo. Nyingi ziko chini. Ikikalia tuta la katikati ya njia ya matrekta, magurudumu manne yatazunguka vizuri kabisa na gari halitaenda popote.

Jimny ni gari dogo, kwa nini watu wa porini wanalipenda?

Ni jepesi, lina fremu yake ya chuma, ekseli ngumu mbele na nyuma, na 4L. Uzito mdogo kwenye udongo mweusi wa mbuga ni dawa kuliko loki yoyote ya difu. Kwenye lami ya Dodoma upepo ukivuma, ni habari nyingine.

4L naitumia lini hasa?

Unapotaka nguvu nyingi kwa mwendo mdogo. Kwenye Prado 4L inapunguza mwendo mara mbili na nusu hivi, na nguvu kwenye magurudumu inaongezeka kwa kiasi hichohicho. Kupanda mwamba, kuvuta gari jingine, kuvuka mto wenye mawe.

Watu wengi husahau matumizi yake bora zaidi, ambayo ni kushuka. Mteremko wa kuingia kreta ya Ngorongoro, ambako gari lisilo 4WD haliruhusiwi kushuka, unaendeshwa kwa L4 na gia ya kwanza au ya pili, mguu ukiwa mbali na breki. Injini inalishikilia gari. Ukishuka kwa breki tu, zitapata moto na pedeli italainika mguuni wakati huna nafasi ya kurekebisha. Walioko Oman wanajua habari ya Jebel Akhdar: polisi wana kizuizi Birkat al-Mouz, na gari lisilo 4WD linageuzwa, kwa sababu ileile ya mteremko.

Kuingiza L4 simamisha gari kabisa, kanyaga klachi au weka N kwa otomatiki, kisha sogeza. Ikilia, usilazimishe. Sogeza gari nusu mita, jaribu tena.

Mchanga laini, tofauti na watu wanavyodhani, mara nyingi unataka H4 kwa mwendo wa wastani. L4 huko inatoa nguvu nyingi mno, tairi linateleza kwa urahisi na kuchimba.

Mfumo upi ni bora kwa mchanga, na upi kwa matope?

Upepo wa matairi una kauli kubwa kuliko mfumo. Kwenye mchanga wa Sharqiya kule Oman au wa jangwa la Chalbi, shusha kutoka psi 32 hadi 16 au 18 hivi, na gari lililokuwa likizama litatembea juu. Beba pampu, maana ukirudi lami na upepo huo tairi litapata moto na linaweza kupasuka.

Matope ni ya namna mbili. Yenye sakafu ngumu chini, tairi jembamba lenye meno linakata na kushika. Ule udongo mweusi usio na mwisho, kama wa Mara wakati wa mvua, unajaza meno ya tairi na kuligeuza mpira laini. Hapo mfumo wenye difu ya kati iliyofungwa ndio unaosaidia, na mwendo usiokatika. Ukisimama, umelala.

Nitajuaje gari ninaloagiza ni 4WD kweli?

Soma namba ya chesisi kabla ya kusoma tangazo. X-Trail ya NT30 au NT31 ni 4WD, bila hiyo N mwanzoni ni ya kuvuta mbele. CR-V ya RE4 ni 4WD, RE3 siyo. RAV4 ya ACA31 ni 4WD, ACA36 siyo. Harrier ya ACU35 ni 4WD, ACU30 siyo. Wauzaji wengine wa mtandaoni huandika 4WD kwenye kila gari lenye umbo la juu, na mnunuzi anagundua bandarini.

Ukiwa na gari mbele yako, inama tu. Angalia kutoka nyuma, katikati ya magurudumu. Kwa magari ya jamii ya RAV4 na X-Trail, kama kuna bonge la difu na propela inayokuja kutoka mbele, ni 4WD. Kama kuna ekseli tupu na tanki, siyo. Halafu pitisha kidole chini ya difu: oili mbichi iliyolowesha vumbi ni sili iliyokufa.

Kulijaribu, tafuta mteremko wa majani yaliyolowa au kokoto, mtu asimame pembeni kwa mbali, uondoke kwa nguvu. Gari la kuitikia, utaona mbele inateleza kidogo kisha nyuma inasukuma. Usiinue mbele kwa jeki na kukanyaga mafuta. Kwenye gari la namna hii litaruka kutoka kwenye jeki.

Naweza kuweka matairi mawili mapya na mawili ya zamani?

Kwenye mkonga ukiwa H2, weka tu, angalau yafanane mbele na mbele, nyuma na nyuma. Kwenye gari linalovuta muda wote, hapana. Tairi lililoisha ni dogo, linazunguka mara nyingi zaidi kwa kilomita, na difu ya kati au klachi inadhani gari linateleza kutwa nzima. Subaru wanataka tofauti ya mzunguko wa matairi yote manne isizidi milimita 6 hivi. Watu huua klachi ya laki kadhaa kwa kubana bei ya tairi mbili.

Subaru za otomatiki za zamani zina kitundu cha fyuzi kilichoandikwa FWD chini ya boneti. Ukilazimika kufunga tairi dogo la akiba, weka fyuzi hapo ili nyuma isivute, na uitoe ukirudisha tairi la kawaida.

4WD inakula mafuta kiasi gani zaidi?

Kidogo kuliko watu wanavyolalamika. Kinachokula ni uzito, umbo la kabati na matairi ya meno. Friwili zikiwa FREE, mkonga unapunguza vyuma vinavyozunguka bure.

Fundi amenishauri nitoe propela ya nyuma ili gari lisile mafuta.

Ushauri huu umezagaa na mara nyingi haukutoka kwenye mafuta. Ulitoka kwenye beringi ya katikati ya propela iliyoanza kulia, na kutoa propela ni rahisi kuliko kutafuta beringi. Badili beringi.

Ukiitoa kwenye RAV4 au X-Trail gari litatembea, utaokoa kiasi kidogo sana, na huenda taa ikawaka. Kwenye Subaru ya otomatiki propela imechomekwa kwenye giaboksi, ukiichomoa bila kuziba oili ya giaboksi inamwagika. Kwenye Prado ni mbaya zaidi: ili itembee lazima ufunge difu ya kati, na gari la tani mbili litavutwa na difu ya mbele peke yake, ambayo haikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Baada ya kuvuka mto, kuna cha kukagua?

Difu yenye moto ikizama ghafla kwenye maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa na kunyonya maji kupitia sili. Kwa sababu hiyo kuna mpira mwembamba wa kupumulia juu ya difu. Hakikisha haujaziba, na kama unavuka mito mara kwa mara mwambie fundi aurefushe hadi juu karibu na injini. Baadaye fungua nati ya difu kidogo. Oili ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, imwagwe yote siku hiyohiyo.

Na zile kwodi, pikipiki za magurudumu manne, zina 4WD?

Nyingi wanazopanda watalii zinavuta nyuma tu. Honda ndiyo iliyotoa ya kwanza yenye 4WD, TRX350 ya 1986. Kwa nyuma, nyingi za kazi hazina difu kabisa, shafti ni moja, ndiyo maana zinagoma kukata kona na lazima uinamishe mwili. Tofauti za kampuni ziko mbele. Kwenye Polaris unawasha AWD na mbele inajiunga yenyewe nyuma ikiteleza. Yamaha inakupa kitufe chenye 2WD, 4WD na loki ya difu ya mbele, uamue wewe. Can-Am walitumia kwa miaka mingi Visco-Lok, inayobana polepole tofauti ya mwendo ikiongezeka. Kwa shamba lenye tope zito ningechukua ya kufunga mwenyewe. Kwa mtu asiyetaka kufikiria vitufe, ya Polaris inatosha.

Nimekwama tayari. Nianze na nini?

Acha mafuta. Kila sekunde unayozungusha tairi unashusha gari. Shuka, angalia tumbo limekaa juu ya nini. Likiwa limekalia udongo, chimba huko kwanza, siyo kwenye matairi. Shusha upepo wa matairi, funga kila loki uliyonayo, toa mikeka ya ndani au matawi uweke mbele ya matairi yanayoteleza, kisha jaribu kurudi nyuma kwa njia uliyojia, kwa sababu huko umekwisha kupakanyaga.

Ikibidi kuvutwa, kamba ifungwe kwenye ndoano ya chesisi. Bampa hung'oka, na kile kichwa cha chuma cha duara cha kuvutia trela hukatika na kuruka kwa nguvu ya kuua. Vijana wote waliokuja kusaidia wasogee mbali kuliko urefu wa kamba kabla gari la mbele halijaondoka, na wale wanaosukuma wasimame ubavuni, siyo nyuma.